Rangi ya Ukuta Ifuate Zulia

Mwezi wa Shaabani ukiingia, nyumba nyingi za Mombasa hunukia rangi mbichi. Wengi wetu hununua rangi kwanza, kisha ndipo tunapogundua kwamba ukuta wa kijani na makochi ya damu ya mzee havipatani. Hapo hutakiwa makochi mapya, na fedha za futari na nguo za Idi zikaishia huko.

Tuanze na vile tusivyoweza kuvibadilisha. Zulia la nakshi huwa na rangi nne au tano. Tuitafute iliyo hafifu kuliko zote, aghalabu iko pembeni, tuipandishe ukutani. Makochi mazito na kabati la mvule hupendeza mbele ya rangi ya maziwa au ya mchanga. Weupe mtupu huyazidishia weusi.

Kadi ya dukani tusiitegemee. Fundi apake kipande cha ukubwa wa msala karibu na kochi, nasi tukitazame asubuhi, alasiri, na baada ya Isha taa zikiwa zimewashwa, kwani mwanga wa manjano huifanya samawati ielekee kijani. Makochi ya mama yabaki. Tukipenda upya, foronya za mito zatosha.