Sheria ya Kukatisha Msimu Iandikwe Kabla ya Mpira Kuanza



Tarehe 10 Machi 2020 nchi yetu ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona. Siku nane baadaye Rais wa Jamhuri alipiga marufuku mikusanyiko ya watu zaidi ya 20; shule, makanisa na viwanja vya michezo vikafungwa. Ligi yetu kuu, Linafoot, ikasimama katikati ya safari, na msimu ule haukuendelea tena. TP Mazembe, waliokuwa wakiongoza, walitangazwa mabingwa. AS Vita Club wakawa wa pili.

Hatuandiki ili kuwanyang'anya Mazembe taji lao. Twataka kutafakari jambo moja: msimu unapokatika, nani anayestahili kuamua hatima ya timu, na kwa kanuni iliyoandikwa lini? Tutazame nchi mbili za Ulaya, ambako mabishano haya yalifika mbele ya mahakimu.

Nchini Ufaransa michezo ilisimama mwezi Machi ikiwa imebaki takriban michezo 10 kwa kila timu. Mwishoni mwa Aprili ligi ilifunga msimu. Kwa kuwa Paris Saint-Germain na Strasbourg walikuwa na mchezo mmoja pungufu, pointi za kila timu ziligawanywa kwa idadi ya michezo iliyochezwa. Paris walikuwa mbele kwa pointi 12, na ubingwa wao haukuleta ubishi mkubwa. Lakini Amiens, waliokuwa wa 19, walishushwa daraja pamoja na Toulouse, ingawa pointi 4 tu ziliwatenga na timu iliyokuwa juu yao. Walishtaki. Tarehe 9 Juni Conseil d'État, mahakama ya juu ya mambo ya utawala, ilisimamisha uamuzi wa kuwashusha. Hata hivyo, mwezi huo huo wakuu wa ligi walishikilia msimamo wao, na timu zote mbili zikashuka.

Uholanzi ilifuata njia nyingine: hakuna bingwa, hakuna anayeshuka, hakuna anayepanda. Ajax na AZ walikuwa sawa kwa pointi 56, na hakuna aliyepewa taji. Katika daraja la pili, Cambuur na De Graafschap walikuwa wamejitenga mbali juu ya wengine, wakabaki palepale. Shirikisho lilikuwa limewauliza klabu 34 maoni yao kuhusu kupanda na kushuka: 16 zilikubali, 9 zilikataa, 9 hazikuchagua upande. Klabu hizo mbili zilikwenda mahakamani, zikashindwa. Mwaka uliofuata Cambuur walipanda. De Graafschap walimaliza wakiwa sawa kwa pointi na timu iliyopanda, wakakosa nafasi kwa tofauti ya mabao tu.

Wahenga walisema: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Unapowauliza watu kanuni ya kugawa wakati kila mmoja amekwisha kuliona fungu lake, usitegemee jibu lisilo na upande. Aliye juu ataona kwamba haki ni msimamo wa leo. Aliye chini ataona kwamba haki ni kufuta yote. Huenda kila mmoja anasema kwa moyo mnyofu, na bado hakuna anayeweza kuaminiwa kuwa mwamuzi. Kanuni huwa ya haki zaidi inapoandikwa siku ambayo hakuna ajuaye itamwangukia nani.

Wengine watatujibu kwamba hakuna aliyeweza kulitabiri gonjwa lile. Ni kweli. Lakini si lazima kutabiri sababu ili kujiandaa kwa tukio. Msimu wetu wa 2022-2023 nao haukufika mwisho, na safari hiyo hakukuwa na amri ya kufunga viwanja kwa ajili ya ugonjwa. Tahadhari kabla ya hatari.

Anayeumia kwanza ligi inapokatika si tajiri wa klabu. Ni mchezaji anayelisha nyumba yake kwa posho ya ushindi. Ni mama auzaye maji na karanga mlangoni mwa uwanja. Timu ikishushwa kwa karatasi, wachezaji hupoteza mikataba bila kupewa dakika 90 za kujitetea. Kwa hiyo sheria tunayoitaka isiishie kwenye taji. Iseme ni sehemu gani ya michezo lazima iwe imechezwa ndipo bingwa atangazwe. Iseme pointi zitahesabiwaje. Iseme kama kushuka kutakuwapo. Na zaidi ya yote, iseme mishahara italipwaje wakati viwanja vimefungwa.

Ninyi vijana hamwongozi shirikisho, lakini mnaandaa mashindano kati ya parokia na parokia, na mnajua jinsi mvua au msiba unavyoweza kukatisha fainali na kuacha uchungu kati ya marafiki. Kabla ya mchezo wa kwanza wa msimu ujao, viongozi wa timu zote wakae pamoja, waandike ukurasa mmoja juu ya mchezo uliokatika, kisha kila mmoja atie sahihi. Wafanye hivyo mapema, wakati timu zote bado zina pointi sifuri.