Mbwa mzee, sikio bovu na vichupa vitatu vya dawa

Leo naomba niandike juu ya mbwa. Najua wengine mtacheka: nchi ina mambo chungu nzima, na mwandishi wa habari mzima anayaacha yote anakuja na sikio la mbwa. Chekeni kwanza, halafu tuendelee.

Kinachonikera ni neno moja tu: uzee. Mnyama wa nyumbani akishafika miaka tisa au kumi, kila anachougua kinaitwa uzee. Hali vizuri, uzee. Anachechemea, uzee. Sikio linatoa usaha unaonuka mpaka jirani wa nyumba ya tatu anafunga dirisha, nao ni uzee. Na kwa kuwa uzee hauna dawa, basi hatafutiwi dawa ya maana. Anamwagiwa sikioni chochote kilichopo mpaka afe, au mpaka watu wachoke. Mimi nasema hivi: hakuna sikio linalotoa usaha kwa sababu ya umri. Sikio lisilopona kwa mnyama mzee lina sababu yake, na sababu hiyo haiwezi kuonekana na mtu aliyesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa, hata awe na nia njema kiasi gani.

Nimelifuatilia jambo hili kwa ajili ya Tomi, mbwa wa mjomba wangu pale Mabawa, Tanga. Tomi ana miaka kumi na moja. Ni mbwa wa kawaida kabisa, rangi ya udongo, ambaye kazi yake ni kulinda kuku na kubwekea bodaboda. Miaka yote hiyo hakuwahi kusumbuliwa na masikio. Mwaka jana, masika yakiwa yameanza, akaanza kutikisa kichwa na kujikuna sikio la kushoto. Baada ya wiki chache likaanza kutoa majimaji ya kahawia, kisha usaha wa njano-kijani wenye harufu ambayo sitaielezea, huenda kuna mtu anasoma akiwa anakula.

Walifanya wanachofanya watu wote. Duka moja la dawa la mtaani likauza kichupa cha kwanza cha matone ya antibiotiki, ya binadamu. Sikio likakauka siku nne, matone yakaachwa, usaha ukarudi. Kichupa cha pili, kutoka duka jingine, dawa tofauti. Kikaja cha tatu, cha gentamaisini, kwa maelezo kwamba "hii ndiyo kali". Katikati hapo akatokea bwana mmoja mtaani akashauri mafuta ya taa. Namshukuru Mungu mafuta ya taa yalikuwa yameisha ndani.

Niliposhuka Tanga nikakuta kikao tayari. Majirani wawili wazee wanasema mbwa amalizwe, harufu imezidi na watoto wanacheza pale uani. Mjomba naye amekata tamaa. "Mjomba," akaniambia (ndivyo tunavyoitana, yeye kwangu na mimi kwake), "huyu keshakuwa mzee. Hata mimi sikio langu moja halisikii vizuri, nani ananipeleka hospitali?" Nikamwambia, "Shikamoo kwanza mjomba, halafu hilo lako nalo tutalizungumza." Akacheka, lakini msimamo haukubadilika. Nikaomba wiki moja.

Sasa nieleze sikio la mbwa lilivyo, maana kosa lote linaanzia hapo. Sikio letu lina mfereji mfupi ulionyooka karibu moja kwa moja mpaka kwenye ngoma. La mbwa halipo hivyo. Mfereji wake unashuka chini kwanza, halafu unakunja kona kuingia ndani, kama herufi L. Maji yakiingia hayatoki kirahisi. Uchafu ukiganda pale konani haufikiwi na tone la dawa. Na ukichukua kijiti cha pamba ukasugua, unachofanya ni kuushindilia chini zaidi. Ongezea joto na unyevu wa pwani yetu, hasa miezi ya masika, upate pango lenye giza, la moto na lenye unyevu. Fangasi anayeishi kwenye ngozi ya kila mbwa bila kumdhuru, aitwaye Malassezia, hapo ndipo anapozaana kwa fujo.

Lakini fangasi na bakteria mara nyingi ni wageni waliokuta mlango wazi. Swali ni nani aliyeufungua. Kwa mbwa kijana anayeumwa masikio mara kwa mara, daktari hufikiria mzio, au mbegu ya nyasi iliyoingia, au utitiri wa sikioni, ambao huwasumbua zaidi paka na watoto wa mbwa na huacha uchafu mweusi kama unga wa kahawa. Kupe nao hupenda kujificha humo. Kwa mbwa aliyeishi miaka kumi bila shida ya sikio kisha ghafla likaanza moja tu na likakataa kupona, daktari mzuri anafikiria mambo mengine: kinyama kilichoota ndani ya mfereji, au tezi za mwili zisizofanya kazi sawasawa. Kwa maneno mengine, umri wenyewe ni dalili ya kumfanya mtu achunguze zaidi. Sisi tumeugeuza kuwa sababu ya kutochunguza!

Kuna hatari nyingine ambayo maduka hayaisemi. Usaha wa muda mrefu unaweza kutoboa ngoma ya sikio. Ngoma ikishatoboka, dawa kama gentamaisini zinaweza kuingia ndani na kuua uwezo wa kusikia, au kuvuruga sehemu inayompa mnyama usawa wa kusimama. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ni kuchungulia ngoma kabla ya kumimina kitu. Mbwa anayeinamisha kichwa upande mmoja, anayezunguka duara au kuanguka anapotembea, ugonjwa huenda umeshavuka ngoma. Huyo hafai kusubiri hata siku moja. Watu wakimwona hivyo husema amepigwa na kiharusi, au amerogwa.

Daktari wa mifugo niliyempata Tanga, aliyesoma Sokoine kule Morogoro, hakutoa dawa yoyote kwa nusu saa ya kwanza. Alimpa Tomi dawa ya kumtuliza kidogo, na kabla ya hapo alimsikiliza moyo muda mrefu, akasema mzee halazwi usingizi kibubusa. Akachungulia kwa kifaa chenye taa, akaona usaha tu. Akachota kidogo, akapaka kwenye kioo, akakitia rangi na kukiweka kwenye hadubini. Akaniita niangalie. Vijiti, vijiti, vijiti. Fangasi wa Malassezia wanaonekana kama karanga au nyayo ndogo, na bakteria wa kawaida wa ngozi ni viduara. Vijiti vingi kwenye sikio sugu lenye usaha wa rangi ile humfanya daktari amshuku Pseudomonas, bakteria anayejulikana kwa kuzikataa dawa nyingi, na anayejijengea utando wa ute wa kujifichia.

Kisha akasafisha. Hatua hii ndiyo watu wanayoiruka, na ni nusu ya matibabu. Baadhi ya dawa, gentamaisini ikiwemo, hudhoofika zikikutana na usaha mwingi. Yaani vile vichupa vitatu vilikuwa vinamwagwa juu ya kinga ya adui. Alisafisha kwa maji ya chumvi ya hospitali yenye joto la mwili, akarudia na kurudia, na uchafu ulipotoka ndipo akaona vitu viwili. Ngoma ilikuwa nzima. Na juu kidogo ya kona kulikuwa na kinyama, ukubwa wa punje ya njugu mawe, kimeziba njia.

Tafakari hilo. Hata kama vichupa vile vingekuwa thelathini, sikio lisingepona, kwa sababu maji yasingepata pa kutokea. Na kila kichupa kilichoanzwa na kuachwa siku ya nne kilikuwa kinawachuja bakteria: dhaifu wanakufa, wabishi wanabaki na kuzaana. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alilionya jambo hili kwenye hotuba yake ya Nobeli mwaka 1945, kwamba dozi ndogo zitawafundisha vijidudu kuizoea dawa. Tanzania tuna mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu wa dawa tangu 2017, unaohusisha binadamu na mifugo kwa pamoja. Uko kwenye makaratasi mazuri. Pale kaunta mtu ananunua antibiotiki ya mbwa kwa kusema tu "sikio linauma".

Na bakteria huyo hana kabila. Tomi analala barazani. Wajukuu wa mjomba wanamshika masikio kisha wanakula mihogo. Kwa hiyo wale majirani waliolalamika kuhusu watoto, hoja yao ya usafi ilikuwa ya kweli kabisa. Suluhisho lao ndilo nililolikataa.

Nisikie na upande wa pili, maana upo. Rafiki yangu mmoja aliniambia, "Wewe unatumia hela kwa mbwa, wakati kuna binadamu Mabawa hana nauli ya kwenda Bombo." Ni kweli, na sina jibu la kumnyamazisha. Ila nilipiga hesabu: vichupa vitatu pamoja na pamba na nauli za kuvifuata vilikaribia gharama ya uchunguzi wa kwanza wa daktari. Hela ilishatumika tayari, kwa kubahatisha. Mwingine akaniletea dini, kwamba mbwa ni najisi. Pwani tunaheshimu hilo, na mjomba mwenyewe ana taratibu zake za kutawadha na kutenga vyombo. Lakini kila aliyekaa madrasa anakijua kisa cha mtu aliyeteka maji kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu, akasamehewa. Na sheria ya nchi pia ipo: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inataka mnyama akingwe na maumivu na ugonjwa, haisemi mpaka awe ng'ombe.

Maana hapo ndipo penye tatizo letu Tanga, ng'ombe. Huu ni mji wa maziwa. Chuo cha mifugo cha Buhuri kiko hapahapa. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa anamjua bwana mifugo wake kwa jina na kwa namba ya simu, na kupe wa sikioni kwa ng'ombe anamwogopa kuliko simba, kwa sababu ya ndigana kali. Tena tuna historia kubwa kuliko hiyo. Kituo cha utafiti wa mbung'o cha Tanga ndicho kilichofuga mamilioni ya mbung'o, madume yakafanywa tasa kwa mionzi na kumwagwa kwa ndege juu ya Unguja kati ya 1994 na 1997, zaidi ya milioni 8, mpaka mbung'o wakatoweka kisiwani. Mji uliofanya kazi ya namna ile haukosi hadubini ya kuangalia tone la usaha. Tunachokosa ni mazoea ya kumpeleka mbwa au paka mahali hadubini ilipo, na ofisi za mifugo nazo hazijajitangaza kwamba wanyama hawa ni wao pia, ukiacha siku za chanjo ya kichaa cha mbwa.

Ningependa kila ofisi ya mifugo ya kata ibandike mlangoni karatasi moja tu: tunatibu na mbwa na paka, uchunguzi ni shilingi kadhaa, njoo siku fulani. Na maduka ya dawa yakiulizwa dawa ya sikio la mnyama, yaseme nenda kule. Sidhani kama hilo linahitaji semina yenye posho.

Kinyama kilitolewa siku nyingine, baada ya sikio kupozwa kwa wiki mbili. Matone yaliyofuata yalichaguliwa baada ya maabara kuotesha bakteria na kujaribu dawa ipi inawaweza, na yalitumika wiki tano mfululizo, pamoja na yale majuma mawili ambayo sikio lilionekana limepona na mjomba akataka kuacha. Daktari alimkatalia kwa adabu lakini kwa ukali: dawa inaachwa hadubini ikisema hakuna kitu, jicho halitoshi. Mjomba alinuna. Kisha akawa anamshika Tomi mwenyewe asubuhi na jioni, anakanda chini ya sikio mpaka lisikike linachwakachwaka, jinsi alivyoelekezwa.

Sikio la kushoto limepoteza sehemu kubwa ya usikivu, halitarudi. Harufu imekwisha. Mmoja wa wale majirani ana paka jike wa miaka kumi na mbili anayejikuna, na amemuuliza mjomba namba ya daktari. Nimemhimiza asichelewe, kwa sababu kwa paka vinyama vya ndani ya sikio huwa vibaya mara nyingi zaidi kuliko kwa mbwa. Mjomba mwenyewe ana miadi Bombo Alhamisi, kuhusu lile sikio lake.