Lafudhi ya Buha si Ushahidi wa Ugeni

Yupo mtumishi wa umma ambaye, akiisha kusikia mwananchi wa Kasulu au Kibondo akitamka maneno mawili ya Kiswahili chenye mapigo ya Kiha, huweka kalamu chini. Haitazami tena fomu iliyo mbele yake. Humtazama mwenye fomu. Swali linalofuata wenyeji wa Buha wamelisikia mpaka wamelizoea: "Wewe ni wa huku, au wa ng'ambo?" Fomu inarudishwa. Mzee anaambiwa alete shahidi, na shahidi akija anaambiwa naye alete kitambulisho. Aliyetembea tangu alfajiri anarejea kijijini na karatasi ile ile, na kijana wake aliyekuwa akiisubiri anapitwa na mwaka wa masomo.

Mtumishi huyo mara nyingi si mtu mbaya. Ni mtu asiyejua, na kutojua kwake kulianzia darasani. Alifundishwa kwamba mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone Ujiji, na akapata alama zake. Amesikia habari za sokwe wa Gombe, ambao Jane Goodall alianza kuwachunguza mwaka 1960. Lakini aulizwe Heru ni wapi, Muhambwe ni wapi, Buyungu ni wapi, atakaa kimya. Mzungu aliyepita ana ukurasa wake, na sokwe wana ukurasa wao. Wenyeji waliowapokea wote hao hawana hata mstari. Ndiyo maana mwalimu anayepangiwa kazi Kibondo hupewa pole na wenzake kana kwamba anakwenda kutumikia kifungo. "Mwisho wa reli," humwambia. Hata msemo huo una kosa la jiografia: reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 haigusi Kasulu wala Kibondo.

Nchi ya Buha ni nchi ya mwinuko. Upande wa Kasulu na Buhigwe, kuelekea mpaka wa Burundi, kuna vilima vya baridi na mvua ya kutosha. Huko ndiko kwenye migomba, maharage na kahawa. Kibondo na Kakonko ardhi inashuka kuelekea misitu ya miombo, na mbele yake mabwawa ya Moyowosi. Mto Malagarasi huanzia vilima vya mpakani, ukawa mpaka wenyewe kwa kitambo, ukaingia Buha na kuzunguka hadi kwenye mabwawa ya mashariki, kisha ukageuka magharibi kupitia Uvinza hadi Ziwa Tanganyika, kama mtu aliyekumbuka njiani kwamba amesahau kitu nyumbani. Katika nchi hiyo palikuwa na tawala kadhaa zilizojitegemea, kila moja na mwami wake: Heru katika sehemu za Kasulu, Muhambwe katika Kibondo, Buyungu katika Kakonko, na nyinginezo. Katika miaka ya mwisho ya ukoloni kiti cha Heru kilikaliwa na mwanamke, Mwami Theresa Ntare. Serikali ya Tanganyika huru ilipofuta utemi mwaka 1963, Buha ilikwisha kuwa na historia ndefu ya utawala wake, na haikuazima historia hiyo kwa jirani.

Huo mpaka unaoogopwa ulitoka wapi? Wakati wa Wajerumani, Urundi na Buha zilikuwa ndani ya koloni moja. Kilichozitenga kilikuwa mstari wa ofisi, huku Urundi, huku wilaya ya Ujiji. Mwaka 1916 majeshi ya Ubelgiji yaliwafukuza Wajerumani, na Buha yote ikawa chini ya Wabelgiji hadi mwaka 1921. Mwaka 1919 mabwana wawili, Orts wa Ubelgiji na Milner wa Uingereza, walipatana: Mbelgiji abaki na Ruanda-Urundi, Mwingereza achukue Kigoma na nchi iliyo nyuma yake. Hakuna mkazi wa Kasulu aliyeulizwa. Mstari wa karani wa Kijerumani ukageuka kuwa mpaka wa mataifa. Mwezi Julai 1964, mjini Cairo, Mwalimu Nyerere alitetea azimio la kuheshimu mipaka hiyo kama ilivyorithiwa, ili Waafrika wasije wakauana kwa ajili yake. Aliyeyageuza maafikiano hayo kuwa fimbo ya kumchapia raia wa ndani ya mpaka hakuelewa kilichoazimiwa.

Sasa lugha. Kiha kimo katika kundi moja na Kirundi, Kinyarwanda, Kihangaza, Kishubi na Kivinza. Mha akisema umuntu na abantu, Mrundi naye husema hivyo hivyo, na Mhaya wa Bukoba hayuko mbali anaposema omuntu. Nomino hutanguliwa na irabu, na kidatu cha sauti, kupanda na kushuka, huweza kubadili maana ya neno. Kiswahili hakina kidatu cha namna hiyo. Kwa hiyo Mha anapozungumza Kiswahili, hubeba muziki wa lugha aliyonyonya, kama Mnyakyusa, Msukuma na Mmakonde wanavyobeba wa kwao. Mmakonde ana ndugu Msumbiji. Mdigo, Mkuria na Mmasai wana ndugu Kenya. Mnyakyusa anasikilizana na Wangonde wa Malawi. Ni karani gani wa Tanga huweka kalamu chini kwa sababu Mdigo ameongea Kidigo?

Hata hicho Kiswahili, Waha walikilipia kwa jasho. Mkoloni hakuijengea Buha viwanda. Aliifanya ghala la wafanyakazi. Vijana wa Kasulu na Kibondo walisombwa kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, na kuanzia mwaka 1944 kazi hiyo ilipata chombo chake, SILABU. Waliitwa manamba, kwa maana kila mmoja alipewa namba. Waliorudi walirudi na Kiswahili cha kambini, wakakitumia kuwafundisha wadogo zao.

Watasema wenye hoja: mbona wageni wapo? Wapo kweli. Wakimbizi wa Burundi walivuka kwa wingi mwaka 1972, wakavuka tena mwaka 1993 na mwaka 2015. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Nduta na Mtendeli zikajaa Warundi. Nchi ina haki ya kujua nani ni nani, na ofisa anayelinda mpaka anafanya kazi ya halali. Lakini waliokata kuni pamoja na wakimbizi hao, wakagawana nao visima na kuona misitu yao ikiisha, ni Waha. Hawawezi kulipwa ukarimu huo kwa kutiwa katika kapu la wageni. Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013 katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita ilidhihirisha hatari hiyo, pale walipokamatwa pia watu walioishi nchini miongo mingi.

Lipo jambo zito zaidi, ambalo ofisi hazipendi kulikumbuka. Mwananchi wa Kibondo huulizwa: babu yako alikaa wapi, tukapaone? Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa sehemu hizo na kuwakusanya pamoja kwa sababu ya malale. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma ikawahamisha wakulima wa mkoa mzima na kuwaingiza vijijini. Mahame yamerudiwa na msitu, makaburi yamefunikwa na miombo. Serikali mbili, ya kigeni na ya wananchi, kila moja kwa sababu zake, ziliwaondoa watu hawa kwenye viwanja vya wazee wao. Leo karani wa serikali anawadai wavioneshe.

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haina kifungu kinachompima raia kwa matamshi. Mahali inapotaja ujuzi wa lugha ni pale mgeni anapoomba tajinisi: yeye lazima awe anajua Kiswahili au Kiingereza vya kutosha. Mha hakuomba tajinisi.

Mwalimu anayemcheka mtoto wa Heru Juu mbele ya darasa kwa kutamka Kiswahili kwa kidatu cha Kiha ndiye anayemwandaa karani wa kesho, maana wale watoto wengine wanaocheka wanajifunza kwamba sauti ile ni ya mtu asiye wa hapa. Hicho si Kiswahili anachokijenga. Na karani mwenye shaka ya kweli anayo njia rahisi kuliko kusikiliza lafudhi. Kila kitongoji kina wazee waliohama pamoja mwaka 1972, wanaokumbuka nani alitoka bonde gani na nani alijenga karibu na nani. Yupo balozi wa nyumba kumi. Apande baiskeli akawaulize.