Likasi: Mama wa malewa anahitaji maji

Kabla ya 1966, Likasi ikiitwa bado Jadotville, kula restora mjini kulikuwa karibu mambo ya Wazungu peke yao. Mfanyakazi wa Union Minière alipokea poso ya unga, bibi yake akasonga bukari kambini. Gécamines ilipoanguka, hesabu hiyo ilivunjika. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa shirika hilo, wa Likasi wakiwemo, waliondoka kazini, eti kwa hiari. Wamama wengi walibeba masufuria hadi kando ya barabara. Bukari, sombe na samaki tomson vimesomesha watoto. Mama wa malewa analipa ushuru, lakini maji ya kuosha sahani anayanunua kwa bidoni. Wanaopokea ushuru huo wamwekee bomba kwanza, ndipo wamhubirie usafi.