Taa ikiwaka, sola imefungwa?

Likizo ikifika, wengi wetu tunageuka mafundi sola wa ukoo. Paneli juu ya bati, betri, inveta, taa zinawaka, mama anapiga kigelegele. Ethi? "Ya nini? Hii sola, siyo TANESCO." Hapo ndipo tunapochemsha. Taa za volti 12 sawa, hazikurushi. Ila inveta inatoa volti 230, zilezile za nguzo ya mtaani. Waya ukichubuka ukagusa bodi ya friji, bila ethi umeme huo unasubiri tu mkono wa mtu.

Na wanaofunga ethi nao wana lao. Rodi ya paneli wanaichimbia nyuma ya nyumba, ya inveta mbele, kila moja kivyake. Radi ikipiga jirani, volti za ardhi huku na kule hazilingani, na tofauti hiyo inapita ndani ya inveta. Rodi ziunganishwe kwa waya mnene wa shaba, pamoja na fremu za paneli. Sisi wa kando ya Ziwa Victoria radi tunazijua. Waya huo ni ghali, nakubali, hasa bumu likikata. Basi punguza taa mbili za nje, uununue.