Kanga ya kampeni inamsema nani?

Uchaguzi wa Oktoba 2025 umeshapita na mengi yamesemwa juu yake, mazito kuliko haya yangu. Mimi leo nataka kuongea juu ya nguo. Kampeni zimekwisha, mabango yamepauka na kuchanika, lakini kanga, vitenge na fulana vilivyogawiwa bado viko mitaani. Tena siyo za vyama tu. Kuna za chanjo, za Siku ya Wanawake, za mradi huu na ule. Nguo hizi zinaendelea kuongea kila siku, na swali langu ni kama waliozibuni wanajua zinasema nini.

Mimi nasoma ubunifu wa picha, yale mambo ya nembo, mabango na vifungashio. Kwa sasa niko Nandagala, Ruangwa, kwa ndugu zangu. Wengi mnaijua Nandagala kwa sababu ni kwao Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia Novemba 2015 hadi Novemba 2025. Wenyewe tunaijua zaidi kwa korosho, ufuta na mbaazi.

Chuoni tuna somo linalohusu utamaduni wa mtazamaji. Mfano unaorudiwa siku zote ni wa Nike: mwaka 1997 kampuni hiyo ilirudisha kiwandani jozi 38,000 za viatu kwa sababu neno "Air" lililoandikwa kama ndimi za moto lilifanana na jina la Mwenyezi Mungu kwa Kiarabu. Kwenye kiatu! Waislamu wa Marekani walikuja juu, kampuni ikaomba radhi. Mfano mzuri, sikatai. Ila unamfanya mwanafunzi aamini kwamba kosa la aina hii lazima lipigiwe kelele. Huku kwetu halina kelele kabisa. Watu wanapokea, wanasema asanteni sana, karibuni tena, wakifika nyumbani kitu kinakuwa pazia la choo. Na ripoti inaandikwa kwamba kanga zimegawiwa zote, lengo limefikiwa.

Hebu tuanze na kanga ya nishati safi, maana hilo ndilo linaloendelea nchi nzima. Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, 2024 hadi 2034, ambao lengo lake ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa ifikapo 2034. Lengo zuri. Nani asiyejua moshi unavyowatesa mama zetu? Sasa mradi mmoja, sitautaja jina, ulikuja maeneo haya na kanga za kampeni. Katikati, yaani kwenye mji, kuna picha ya mama anacheka, mtoto mgongoni, mtungi wa gesi mbele yake. Chini, pale kwenye jina la kanga, imeandikwa amri ya kuacha kuni na kulinda mapafu yako. Kwenye pindo zimepangwa nembo za wafadhili, moja baada ya nyingine, kama timu inayopiga picha kabla ya mechi.

Nilikaa na kina mama wakizikunjua. Wa kwanza kusema alikuwa bibi mmoja: "Mjukuu wangu, nikijifunga hii, huyu mama anakaa wapi?" Wenzake wakaangua kicheko, maana jibu linajulikana. Kanga ukijifunga kiunoni, mji unakuja nyuma, pale pa kukalia. Kwenye kompyuta ofisini ile picha ilikuwa katikati, imetulia, kila mtu akaipitisha. Hakuna aliyeifunga kiunoni akatembea hatua tano. Na tusijidanganye kwamba hili ni la miradi tu. Sura za wagombea nazo zimekaliwa hivyo hivyo miaka nenda rudi.

Lakini kicheko kikiisha, mambo mazito yanaanza. Kwa watu wa hapa, ambao wengi ni Waislamu, kanga siyo nguo ya kuendea sokoni tu. Mama anajitanda kanga kuswali. Masheikh wengi wanasema haipendezi kusimama kwenye swala na nguo yenye sura ya kiumbe. Basi hiyo haiendi kwenye swala. Kanga inamfunika maiti anapopelekwa makaburini. Hiyo yenye mama anayecheka na mtungi wa gesi utamfunika nani? Mwali akitoka unyagoni anatunzwa kanga na shangazi zake. Utamtunza mwali nembo za wafadhili? Mchoro mmoja umeifungia nguo milango mitatu kwa mpigo, na hiyo ndiyo milango inayofanya doti ya kanga iwe na thamani kijijini. Kilichobaki ni kubebea mtoto na kudekia.

Sasa njoo kwenye maandishi, hapo ndipo naona hasara kubwa zaidi. Kila aliyelelewa pwani au kusini anajua kwamba jina la kanga lina msemaji na lina msemwa. Mwenye kuivaa ndiye anayesema. Anayepita mbele yake ndiye anayeambiwa. Watu wameachana, majirani wamenuniana miezi, kwa sababu ya kanga iliyovaliwa siku fulani mbele ya mtu fulani. Kwa hiyo mama mwenye mtungi akijifunga kanga inayosema acha kuni, akapita kwa jirani yake anayepuliza moto wa mafiga kwa sababu hana hela ya kujaza gesi, hapo hakuna elimu ya afya. Hicho ni kijembe. Kina mama wale waliliona mara moja. Mmoja alisema hawezi kuivaa kwenda kwa wifi yake, "atasema namsimanga". Mradi ulitaka kuwaunganisha wanawake juu ya nishati safi, ukawapa silaha ya kusutana.

Hivi hawa wabunifu hawakujua? Jibu langu ni kwamba tatizo haliko kwenye akili zao, liko kwenye njia ambayo kazi inapita. Angalia historia. Kwa miongo mingi kanga zetu zilichapwa mbali: Uingereza, Uholanzi, India, Japani. Wachapaji wengi kule hawakuwahi kukanyaga Zanzibar wala Lindi. Hata hivyo kanga zilipendeza na zikaingia ndani kabisa ya maisha ya watu. Kwa nini? Kwa sababu kati ya kiwanda na mwanamke alikuwepo mfanyabiashara mwenye duka, kama wale wa Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa walioanza biashara mwaka 1887 na kanga zao za "Mali ya Abdulla". Mchoro usiopendwa ulilala dukani, na mzigo uliolala ni hasara, kwa hiyo muuzaji alikuwa na kila sababu ya kusikiliza wateja wanataka rangi gani na maneno gani. Mwanamke aliyekataa kununua ndiye aliyekuwa mwalimu wa mbunifu.

Kanga ya bure haina mtu wa kuikataa. Ndo hapo penyewe. Mlipaji ni mfadhili, mkaguzi ni ofisi ya Dar, kitabu cha masharti ya nembo kimetoka Ulaya, na mvaaji anatokea mwishoni kabisa kama mtu wa kupigwa picha akipokea. Tukisema "kuheshimu utamaduni" bila kugusa mlolongo huo, tunaongea hewa.

Nguo tuiache kidogo, kwa sababu kwenye karatasi na chupa mambo yanaweza kuua. Kampeni ile ile ilikuwa na bango: mafiga matatu na chungu, juu yake X kubwa nyekundu. Kwa mbunifu, X nyekundu ni "usifanye hivi". Lakini Mtanzania wa leo amefundishwa X na nani? Na watu wa barabara! Baada ya Sheria ya Barabara ya 2007 kupanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande toka katikati, nchi nzima ilijifunza sarufi mpya: X nyekundu, umeingia kwenye hifadhi, bomoa, hulipwi; X ya kijani, utaondoka lakini utalipwa. Waliobomolewa Kimara mwaka 2017 hawahitaji mtu awafafanulie. Na huku Ruangwa nako barabara ya kutoka Nanganga imejengwa kwa lami, kwa hiyo rangi hizo watu wanazijua. Mzee mmoja aliliangalia bango lile akauliza kwa utulivu: "Kwa hiyo jiko wanalibomoa lini?" Alikuwa hatanii. Kwa macho yake lile lilikuwa tangazo la serikali.

Halafu kuna viuatilifu. Huku msimu wa kupulizia mikorosho ni kazi kubwa, kila nyumba ina pampu na salfa, na dawa za maji zipo dukani. Lebo za dawa hizi zina mkanda wa rangi chini: mwekundu ni hatari zaidi, kisha njano, kisha bluu, kisha kijani. Utaratibu huu unafuata mwongozo wa kimataifa, na nia yake ni kumsaidia asiyejua kusoma. Sasa niambieni, nani amewahi kukaa na mkulima akamwambia maana ya rangi hizo? Nimewauliza vijana watano wa hapa, wote wapuliziaji. Mmoja tu alijua. Wengine walisema ni rangi za kampuni. Mmoja, Simba damu, alicheka akasema nyekundu ndiyo dawa yenyewe na kijani ni ya Yanga. Ni utani, lakini ona unakoelekea: kijani kwetu ni shamba, ni uzima, ni chama, ni Yanga. Hakuna mahali kijani kinasema "na hii pia ukiinywa itakudhuru". Kopo la mkanda wa kijani likimaliza dawa, mtu anaona ni salama kulisuuza na kuwekea mafuta ya taa, au chumvi, au maji.

Nikisema haya kuna wenzangu wanajibu haraka: wanakijiji hawajui kusoma picha. Na watakusimulia kile kisa cha mbu kinachosimuliwa kwenye semina zote. Mtaalamu kaleta picha ya mbu mkubwa kama kuku, wanakijiji wakashukuru Mungu kwamba mbu wa kwao ni wadogo. Watu wanacheka sana. Mimi nadhani wanakijiji walikuwa sahihi. Picha ilisema mbu ni mkubwa, nao wakaisoma ilivyosema. Aliyeshindwa ni mchoraji.

Tena kusini hii ni watu wa picha tangu zamani. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alizunguka Lindi, Masasi na Newala akikusanya vinyago na vifaa vya watu. Aliwapa wapagazi na wenyeji penseli na karatasi, wakachora, na michoro yao ipo kwenye kitabu alichotoa 1908. Edward Saidi Tingatinga, ambaye jina lake limekuwa jina la mtindo wa uchoraji unaojulikana duniani, alikuwa mtoto wa Tunduru, siyo mbali sana na hapa kwa vipimo vya kusini. Wachongaji wa Kimakonde siwataji hata, mnawajua. Watu wa namna hii huwezi kuwaambia hawaoni picha.

Kuna na kosa la upande wa pili, ambalo chuoni linaitwa kabisa "kuweka utamaduni". Mtu akiambiwa kazi yake haina Uafrika anabandika shuka ya Kimasai, mkuki, na kinyago cha mapiko pembeni. Mapiko! Kinyago ambacho mahali pake ni jando, ambacho wanawake na watoto hawatakiwi kujua nani yuko ndani, kinawekwa kwenye nembo ya mgahawa au pakiti ya korosho. Na Mmasai kwenye bango la Ruangwa anafanya nini, jamani? Hilo ni pambo. Halijamuuliza mtu kitu.

Kuuliza hakuna gharama ya kutisha. Unachapa kanga moja ya majaribio, unamkuta mama aliyekaa barazani, unamwomba aivae, aende nayo kisimani, arudi akwambie wameisoma vipi. Nusu siku. Nilifanya kitu kama hicho na kina mama wale wa nishati safi, bila kulipwa na mtu. Picha ya kiumbe waliitoa, wakataka ua la mkorosho. Nembo za wafadhili walisema zisogezwe zikae kwenye karatasi ya kufungia. Kwenye jina ndipo walipobishana kweli, karibu saa nzima, mpaka wakakubaliana: "Moshi umeniaga, macho yananishukuru." Msemaji ni mimi mwenyewe, sijamgusa jirani, na anayesoma anabaki na hamu ya kuuliza, enhe, umefanyaje?

Niliituma kwa mtu wa mradi ule. Amejibu juzi. Anasema wameipenda sana, ila ofisi imeshauri neno "nishati" liwemo, na kama inawezekana tuongeze namba ya simu ya kupiga bure.