Safari ya Rubondo Haikuwa Hasara

Tuliporudi Ibadakuli kutoka Kisiwa cha Rubondo, wenzangu wengine walinung'unika kwamba fedha za wazazi zimepotea: sokwe hatukuwaona, tulisikia kelele zao tu msituni. Mimi sikubali. Sokwe wale asili yao si kisiwani. Tangu mwaka 1966 hadi 1969 waliletwa sokwe 17 kutoka Ulaya, walikokuwa wakifungiwa na kutazamwa na watu, wakaachiwa huru humo. Leo uzao wao hujitafutia chakula na kujificha upendapo. Je, hilo si jambo la kufurahisha? Viboko na nzohe tuliwaona. Atakaye mnyama asiyeweza kujificha, na akamtafute kizimbani. Wazazi wetu, msihesabu hasara; mwakani mturuhusu tena.